Kaingu na Daftari la Wundanyi

Kaingu wa Randu alikuwa na haki ya likizo ya siku ishirini na moja kila mwaka, na kwa miaka minne mfululizo hakupumzika hata siku moja kati ya hizo. Usimwonee huruma upesi. Watu wengi wa hapa kwetu likizo zao huishia zilikoishia zake, yaani matangani.

Kazi yake ilikuwa udobi katika hoteli moja ya ufukweni, kusini kidogo ya mji wa Malindi. Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya jiko, na paa lake lilikuwa la mabati. Kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama mapipa ya taka. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kufulia, pipa la maji ya moto lililochemka tangu alfajiri, na meza ndefu ya kupigia pasi. Kila siku yaliingia mashuka mia na zaidi, meupe yote, na yote yalitakiwa yatoke bila mkunjo. Kufikia saa nne asubuhi shati la Kaingu lilikuwa limelowa kuliko mashuka yenyewe. Wageni walisafiri kutoka kwenye baridi ya kwao wakatoa pesa nyingi ili waunguzwe na jua. Kaingu aliunguzwa bure, na alichokitaka yeye, tangu ujana wake, ni kulala siku moja chini ya blanketi kwa sababu anahitaji blanketi.

Mwezi wa Februari, mwaka wa themanini na tatu, alikuta karatasi ya kukunjwa katika mfuko wa shati la Mtaliano mmoja. Ilikuwa ya rangi, ya kung'aa, ina picha za mlima. Kaingu hakuwa mtu wa kuficha vitu vya watu, aliipeleka mapokezi. Mgeni alicheka akasema aichukue, ni yake. Mahadhi wa mapokezi, kijana wa mji wa kale aliyejifunza Kitaliano kwa kuwasikiliza Wataliano wakigombana na wake zao, akamsomea.

"Huu ni mji wa milimani kwao," Mahadhi alisema. "Wanasema njoo mwezi wowote utakao. Januari watu huteleza juu ya theluji. Mei kuna maua mabondeni. Agosti hupanda mpaka kileleni kwa miguu. Oktoba huokota uyoga msituni. Mwaka mzima, bwana, mtu hana sababu ya kukaa ndani."

"Na wanaokwenda huko ni kina nani? Matajiri?"

"Watu kama mimi na wewe. Madobi wa kwao."

Mahadhi alikuwa anatania. Kaingu aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akaondoka nayo.

Milima yeye hakuwahi kuiona, lakini alikuwa na mtu wa milimani. Mwadime, Mtaita wa Wundanyi, alipiga pasi ng'ambo ya meza ile ile kwa miaka tisa kabla ya kurudi kwao kulima kabichi. Alipokuwa hapa, kila joto lilipozidi, Mwadime alikuwa akisema, "Saa hizi kwetu mama amevaa sweta." Kaingu alimwandikia barua. Alimwomba jambo moja tu: amweleze, mwezi kwa mwezi, mtu anayekwenda Wundanyi kupumzika anaweza kufanya nini nje ya nyumba.

Huenda ukauliza kwa nini miezi yote kumi na miwili, wakati likizo ni wiki tatu. Aliyefanya kazi hotelini haulizi. Likizo haikuwa na tarehe. Meneja alikuwa akipita Ijumaa jioni, anatia kichwa mlangoni, anasema, "Kaingu, wewe Jumatatu likizo," na amekwisha kwenda. Yaweza kuwa Mei wageni wakiwa wameadimika, yaweza kuwa Novemba. Mtu wa namna hiyo akitaka kupanga, hana budi kupanga mwaka mzima.

Basi Kaingu alinunua daftari la kurasa tisini na sita akaligawa. Barua za Mwadime zilikuja moja moja, za mwandiko wa kulala, naye kila moja aliihamisha daftarini kwa herufi zake kubwa. Januari: anga nyeupe, safi, panda mlima Vuria mapema, utaiona nyika yote mpaka Voi. Machi: mwisho wa jua, maji ya mto ni kidogo, unaweza kuvuka kwa mawe mpaka maporomoko. Aprili na Mei: mvua, njia zinateleza, lakini msitu wa Ngangao umejaa ndege, chukua fimbo. Julai na Agosti: ukungu, manyunyu, baridi kali, tembea mchana, jioni kaa na moto wa nje na mahindi ya kuchoma. Desemba: maparachichi, matunda damu, siku za soko hazipitiki kwa watu.

Mkewe Nyevu alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, kile tulichokuwa tukikiita ngumbaru. Mwalimu wao alikuwa na kitabu kimoja kwa watu thelathini, kwa hiyo Nyevu alijifunzia barua za Mwadime na daftari la mumewe. Alikaa kibarazani kwao, mtaa wa Muyeye, kidole chini ya neno, akisoma silabi kwa silabi: u-ku-ngu, ma-nyu-nyu, ka-bi-chi. Mwanamke wa kwanza katika ukoo wao kusoma, alijifunza kusoma kwa habari za mji asioujua. Alipomaliza barua nzima bila kukwama, alimtazama mumewe akasema, "Baba Sidi, tutakwenda?"

"Tutakwenda," alisema Kaingu. "Likizo ijayo."

Likizo iliyofuata alifariki baba mdogo, kwao Kaloleni. Siku saba za hanga, ndiyo matanga ya kwetu, kisha vikao vya ukoo, kisha mgogoro wa shamba uliozuka pale pale matangani, na wiki tatu zikaisha. Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, walifariki wawili. Themanini na tano alikufa shangazi, mtu ambaye Kaingu alimwona mara mbili maishani, lakini ungethubutu vipi kutokwenda? Kwetu asiyekwenda kwenye misiba ya watu anajua atakavyozikwa. Themanini na sita meneja alimpa likizo Jumatatu, na Jumanne asubuhi mjumbe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo mkononi. Kaingu alipomwona hata hakumuuliza aliyefariki. Aliuliza, "Wapi?"

Akaanza kuwachukia marehemu. Jambo hilo hakumwambia mtu, lakini lilikuwa limemkaa moyoni. Alikaa mikekani matangani, watu wanakunywa mnazi na kuimba, naye anahesabu siku na kusema kimoyomoyo: huyu naye hakuweza kungoja.

Kati ya wazee walio hai, mmoja tu ndiye Kaingu hakumwona kama msiba unaomngojea, naye ni Kadii, mama yake Nyevu, wa Jilore. Kadii alikuwa mwembamba, mwenye maneno. Kwa watu wa mlango wao, mtu akifariki, wakwe ndio huleta kitambaa cheupe cha kumzikia. Mkwe wa kiume hukileta kwa wazazi wa mkewe, na mkaza mwana kwa wazazi wa mumewe. Kitambaa kisipokuja kwa mkono wa mkwe ni aibu inayosimuliwa miaka mingi. Kadii alilifanyia jambo hilo mzaha kila Kaingu alipokwenda kumwamkia.

"Wenzangu wakwe zao ni wavuvi, ni wagema," alikuwa akisema, huku amegeukia pembeni kwa heshima ya mkwe. "Mimi wangu hupigia Wazungu mashuka. Haya, siku yangu ikifika nataka kitambaa kilichopigwa pasi, mkwe. Nikiona mkunjo, naamka."

Watu wote walicheka, na Kaingu naye, akiinamisha kichwa. "Hutauona mkunjo, mama," alikuwa akijibu.

Mwishoni mwa Julai, mwaka wa themanini na saba, meneja alitia kichwa mlangoni. Kaingu alifika nyumbani Ijumaa ile akamwambia Nyevu afunge nguo usiku huo huo. Hakumwambia mtu mwingine. Hakupita Jilore kuaga, hakutuma salamu Kaloleni. Jirani yao Jedida, aliyebaki na funguo, ndiye peke yake aliyeambiwa kwamba wanakwenda Taita, naye hakuambiwa Taita ipi. Kaingu alikuwa amekwisha gundua kwamba msiba humpata mtu anayejulikana alipo.

Walivuka kivuko cha Kilifi kabla jua halijapanda, na magharibi walikuwa wanakwea vilima vya Taita, Nyevu ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kufumba macho kwenye kila kona. Mwadime aliwapokea na tochi. Usiku ule Kaingu alilala chini ya mablanketi mawili. Aliamka mara kadhaa kwa furaha tu, akaipumua ile hewa, akalala tena.

Jumapili walikwenda kuyaona maporomoko. Jumatatu waliingia msitu wa Ngangao, na Nyevu, aliyevalishwa sweta la mke wa Mwadime, alikuwa akisimama kila mara kuyataja aliyoyasoma: huu ndio ukungu, haya ndiyo manyunyu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye wajukuu, na alikuwa anacheka ovyo njiani. Kaingu hakuwahi kumwona hivyo tangu amwoe. Daftari alilibeba yeye Nyevu, ndani ya kikapu.

Jumanne ilikuwa siku ya soko. Nyevu na mke wa Mwadime walikwenda sokoni, na Kaingu na Mwadime wakaingia dukani kununua sukari na mafuta ya taa. Ilikuwa saa saba mchana. Redio ya mwenye duka ilikuwa rafuni juu ya mikate, taarifa ya habari imekwisha, na matangazo ya vifo yameanza. Kaingu alikuwa anatia sukari kikapuni.

"...kifo cha Kadii wa Kavumbi, wa Jilore, Malindi, kilichotokea jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa mama yake Menza, na Nyevu wa Muyeye. Mazishi yatafanyika kesho Jumatano saa kumi jioni nyumbani kwake Jilore. Habari ziwafikie Nyevu na mumewe Kaingu, popote walipo."

Mwadime alivua kofia. "Ni mkweo," alisema. "Pole sana, ndugu yangu. Gari la Voi linaondoka saa nane. Mkikimbia mtaliwahi, na Voi mtapata basi la usiku. Kesho adhuhuri mko Jilore."

Kaingu alijua kwamba maneno hayo ni kweli tupu. Alijua pia kwamba Menza hana nguo ya kumzikia mama yake, kwa sababu si kazi ya Menza. Alisimama pale na mfuko wa sukari mkononi, na kilichompanda si huzuni. Ilikuwa hasira. Miaka minne, alijiambia. Miaka minne nimewazika wote, wa kwangu na wasio wangu, na siku tatu tu nimepata. Na huyu naye. Akajitungia hesabu: basi la usiku huharibika, kivuko cha Kilifi hukwama, watafika watu wametawanyika, na Nyevu atakuwa amelia njia nzima bure. Aliyekufa amekwisha kufa. Siku mbili zitampunguzia nini?

"Niachie mimi," alimwambia Mwadime. "Usimwambie lolote, wala mkeo asimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kwa utaratibu."

"Hilo ni lako," alisema Mwadime.

Walimkuta Nyevu sokoni amenunua blanketi. Lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, lina mistari ya samawati pembeni. "La mama," alisema. "Masika haya alilalamika mifupa. Tukirudi tupitie Jilore kwanza, nimfunike nalo mwenyewe." Kaingu alilichukua lile blanketi akalibeba begani mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema.

Jioni ile alimwambia Mwadime kwamba amekwisha mwambia, na kwamba Nyevu ameomba asizungumziwe, kila mtu analia kwa namna yake. Mwadime aliitika kwa kichwa. Mkewe alimtilia Nyevu chakula mara mbili, na Nyevu akafikiri ni ukarimu wa watu wa milimani.

Jumatano walipanda Vuria. Ukungu uliwachelewesha, wakafika juu alasiri. Walikaa juu ya mwamba, hakuonekani kitu, weupe mtupu pande zote. Kaingu alitazama saa yake ikafika saa kumi, akaitazama mpaka ikapita. Kisha upepo ulifungua ukungu, na nyika ikatokea chini yao, nyekundu, pana, mpaka mwisho wa macho. Nyevu alimshika mkono.

"Ndiyo hii uliyokuwa ukiniambia," alisema. "Sikuwa nikiamini, Baba Sidi. Nilikuwa nikisema ndiyo tu."

Kaingu aliinuka akaokota kikapu, wakashuka. Daftari lilisema wakae mpaka Jumamosi, lakini usiku alimwambia Nyevu kwamba amechoka, warudi kesho. Nyevu alishangaa kidogo akakunja nguo.

Walifika Muyeye Alhamisi kabla ya magharibi. Jedida alikuwa mlangoni, na alipowaona alijifunga kanga kiunoni, nasi sote tunajua maana yake mwanamke anapofanya hivyo kabla hajasema.

"Nyevu, mlikuwa wapi? Mama amezikwa jana."

Nyevu hakupiga kelele. Alitua kikapu, akatua blanketi, akakaa juu ya blanketi pale pale mchangani.

Kesho yake, Jilore, waliikuta hanga ina siku mbili. Wanawake walimpokea Nyevu, na kilio alichokizuia tangu jana yake kikatoka. Kaingu alikwenda kukaa na wanaume. Menza, shemejiye, alimletea kiti mwenyewe, akamletea maji, akakaa mbele yake. Afadhali angalimtukana.

"Shemeji, tulikungoja," Menza alisema. "Tangazo tulilitoa mara tatu. Tulimlaza mama tukakaa. Wazee wakauliza, mkwe yuko wapi na kitambaa chake? Nikawaambia anakuja, huyu ni mtu wa nguo nyeupe, hawezi kukosa. Tulingoja mpaka jua likaanguka. Basi tukachukua shuka kwa jirani. Lilikuwa na maua."

"Hatukupata habari," alisema Kaingu. "Kule juu hakuna redio."

Uongo ulitoka mwepesi, na watu waliupokea kama ulivyo. Walitikisa vichwa: milimani, bwana, ni mbali. Nyevu alikuwa amesimama karibu na kisima, akasikia, naye pia akatikisa kichwa. Alimtetea kwa dada zake. Aliwaambia Kaingu ndiye aliyesema warudi mapema, kana kwamba moyo wake ulimwambia. Blanketi hakumpa mtu. Alirudi nalo Muyeye, likiwa bado limefungwa kamba ya sokoni.

Siku za hanga zikaisha, na likizo haikukaa sana ikaisha pia. Kaingu alirudi kwenye mashuka yake. Alikuwa anayapiga pasi meupe, moja baada ya jingine, na kila alipokunjua jipya aliona maua.

Barua ya Mwadime ilikuja katikati ya Septemba. Kaingu alikuwa kazini, na tangu miaka mitatu iliyopita barua za Mwadime zilikuwa za Nyevu kuzisoma kwanza. Alipofika nyumbani alimkuta kibarazani, amekwisha kuisoma. Nyevu hakumwamkia. Alimwonyesha mahali pa kukaa, akaiweka barua magotini, kidole chini ya neno kama zamani, ingawa hakuwa tena akihitaji kidole, akamsomea.

"Kwa shemeji yangu Nyevu. Sisi hatujambo. Mke wangu hajaacha kukusifu. Anasema hajapata kuona mwanamke mwenye moyo kama wako. Tangu Jumanne ile tangazo liliposomwa dukani, tukiwa na Kaingu, ulikaa nasi siku mbili, ukala nasi, ukapanda mlima siku ya mazishi ya mama yako, na hukudondosha chozi mbele yetu. Sisi tungelia. Mungu akupe nguvu hizo hizo. Oktoba huku mvua za vuli zinakaribia, tunapanda maharagwe."

Aliisoma mpaka mwisho, hata maharagwe. Kisha akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile.

"Saa ngapi lilisomwa?"

"Saa saba."

"Na gari la Voi huondoka saa ngapi?"

Nyevu alikuwa anaijua saa. Ilikuwa katika daftari, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa za Kaingu mwenyewe.

"Nilinunua blanketi mbele yako," alisema Nyevu. "Ukanibebea."

Kaingu alilia, aliomba radhi, alisema yote: miaka minne, marehemu, joto, hasira. Nyevu alisikiliza mpaka akamaliza, akaingia ndani kupika. Asubuhi Kaingu alitaka kulichoma daftari jikoni, Nyevu akamnyang'anya. "Liache," alisema. "Humo ndimo nilimojifunzia kusoma."

Hakuondoka. Watu wengine wangefikiri hiyo ni nafuu. Alimpikia, alimfulia, alimtengea maji ya kuoga, alimwita Baba Sidi mbele za watu. Kwa Menza hakumshtaki, na Jilore mpaka leo wanajua kwamba Wundanyi hakuna redio. Ila kibarazani hakukaa naye tena, na kicheko kile cha Ngangao kilibaki Ngangao. Yeye mwenyewe alijinunulia redio ndogo ya betri, akaiweka dirishani, na kila siku saa saba mchana, afanye analofanya, aliacha akakaa kusikiliza matangazo ya vifo mpaka la mwisho.

Ikawa hivyo miaka miwili. Likizo mbili zilikuja na kupita, Kaingu akazimalizia Jilore akipalilia shamba la mkwewe peke yake bila kuombwa. Nyevu alimfungia chakula cha njiani, akabaki.

Siku moja ya Agosti, mwaka wa themanini na tisa, Kaingu alikuwa mezani na pasi, mvuke umejaa chumbani, akasikia mtu anahema mlangoni. Alikuwa Nyevu. Kutoka Muyeye mpaka hoteli ile ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na jua lilikuwa la utosi. Kanga ilikuwa imemlowa mgongoni na kiatu kimoja alikishika mkononi, kimekatika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba kile, na askari wa getini alikuwa nyuma yake akiuliza huyu ni nani.

"Baba yako amefariki, Kaloleni," alisema Nyevu. "Tangazo limesomwa saa saba hii. Kuzika ni kesho saa nne. Nimekuja mbio ili uwahi."

Kaingu aliisimamisha pasi. Nyevu alifungua furushi alilobeba kwapani akatoa kitambaa cheupe, kipya, alichokuwa amekinunua siku nyingi akakiweka. Kilikuwa kimepigwa pasi, pasi ya makaa, kikakunjwa mara nne. Alikikunjua juu ya meza, katikati ya mashuka ya hoteli, akapitisha kiganja juu yake taratibu.

"Hiki ni changu mimi, mkaza mwana," alisema. "Kitazame. Ukiona mkunjo, niambie."

Kaingu alikitazama. Aliyekuwa akitafuta mikunjo kwa riziki yake kwa miaka kumi na minane alikitafuta pale, akitamani auone hata mmoja, na hakuuona. Nyevu alikikunja tena, akakirudisha kwapani, akatoka mbele yake kwenda kutafuta gari.